Daftari la Tsiala

Nilitumwa Chiatura kung'oa swichibodi ya mgodi,
sanduku la chuma, rangi ya zeituni,
limekaa ukutani tangu enzi za Wasovieti.
Bi Tsiala alinipa kiti, kisha daftari.
"Kabla hujakata waya, soma.
Humu ndimo wanamokaa watu."

Karatasi za hesabu, kalamu ya risasi.
Mia mbili na ushei: shimoni. Mia tatu: karakana.
Mia nne: jiko, zahanati, mhasibu mwenye kikohozi.
Tisa hapewi mtu. Tisa ni mlango wa nje.
Sifuri ni yeye mwenyewe.

"Mashine haina subira ya kusikiliza sentensi nzima.
Inameza tarakimu moja, inajiuliza: nimefika?
Inameza ya pili. Nimefika?
Ikishafika haigeuki,
hata ukibonyeza mpaka kidole kife ganzi.

Mkurugenzi mmoja alitaka namba fupi, ya heshima.
Mbili. Mbili tupu.
Nikamwambia, bwana, nikikupa hiyo,
kila anayeita shimoni ataitikiwa na wewe.
Simu mia zitakuwa hai chini ya ardhi
na hakuna kidole kitakachozifikia.
Alininunia mwezi mzima.
Nilimpa mia tano na moja."

Chai yake ina jamu ya plamu ndani.
Dirishani kigari cha waya kilipita juu ya bonde, kitupu.

"Nchi nayo ni hivyo hivyo.
Zamani, ukitupigia kutoka ng'ambo ulianza na saba,
mlango wa Moscow, kisha ndani, kisha ndani tena:
sisi tulikuwa chumba cha uani katika nyumba ya mtu.
Halafu tukapewa tisa tisa tano.
Umeme saa mbili kwa siku, mkate kwa foleni,
lakini mlango wetu ulitazama barabara.
Nililia, mjinga mimi, kwa tarakimu tatu."

Chuoni walinifundisha kwamba dunia imekubaliana:
kumi na tano kwa wingi, nchi kwanza, mtu mwisho.
Hawakuniambia kuna anayeweza kuzililia.

Nikafunua ukurasa uliofutwa mpaka ukatoboka.
"Na hapa?"
Alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

Moja moja mbili ilikuwa stoo ya viatu
tangu mwaka wa sabini na nne.
Kisha nchi ikaichagua namba hiyo hiyo
kwa moto, kwa damu, kwa wezi.
Barua ilikuja. Aliiweka chini ya kopo la sukari.

Februari, saa tisa ya usiku,
Murman wa pampu akashikwa na kifua.
Kijana aliyekuwa naye zamu alifanya kama televisheni ilivyomfunza:
moja, moja, mbili.
Hakuanza na tisa. Nyumba ikiungua
nani akumbuke kubisha?
Na simu ikalia gizani
katikati ya jozi mia sita za mabuti.

Ukuta wa stoo ndio ukuta wa Tsiala.
Akasikia. Nani anaita viatu usiku huu?
Mlio wa nne ndipo alipoelewa.
Akaivuta simu kwa waya wake, akasema:
"Niko hapa. Niambie uko wapi."

Saa kumi alasiri nilikata.
Katika mashine mpya niliandika
moja moja mbili itoke nje moja kwa moja,
bila tisa, bila hodi.
Niliandika mara mbili, nikaijaribu,
nikamwomba radhi dada aliyeitika Tbilisi.
Daftari Tsiala alikataa kunipa.

Murman yu hai. Mkono wa kushoto haukurudi wote.
Kila Jumatatu huja, husimama dirishani,
huuliza kama mabuti yake, saizi arobaini na tatu,
yako tayari,
na Tsiala, bila kuinua macho,
humwambia apige simu.